Neno la Kifaransa Kitandani kwa Bibi Somoe

Mwezi uliopita nilialikwa Masasi nikazungumze na vijana wanaoanza kazi ya ugani. Walinipokea kwa heshima zote, shikamoo kushoto, shikamoo kulia, nikapewa kiti chenye mto. Kabla zamu yangu haijafika, kijana mmoja mcheshi alisimama kuchangamsha ukumbi. Akasema kuna mama mmoja wa Chilangala, huko Newala, alipewa dawa ya mikorosho, naye badala ya kuipeleka shambani akaipulizia kitandani, eti anaua kunguni. "Ndio wakulima wetu hao!" akamalizia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jirani yangu alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa karatasi ya ratiba.

Mimi sikucheka. Zamu yangu ilipofika nilisema maneno machache juu ya kupogolea mikorosho, nikarudi kukaa. Mimi nikikasirika ulimi hunigomea, lakini mkono haunigomei, ndiyo maana naandika. Vijana wangu, mama huyo mnayemcheka namfahamu kwa jina na kwa sura. Karatasi aliyoisoma niliipeleka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Sasa nisikilizeni.

Nimekuwa bibi shamba miaka thelathini na ushei. Nimetembea vijiji vya Newala, nimeshuka Masasi, nimezunguka mashamba ya Chidya mpaka mbwa wa huko wakanizoea wakaacha kunibwekea. Jina langu wengi hawalijui. Huitwa Mama Fadhili, kwa mwanangu wa kwanza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chitanda, bwana shamba wa zamani, mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mkulima mmoja unga wa salfa kwa sababu machipukizi ya mikorosho yake yalikuwa yamekauka, meusi, kama yamepitiwa na moto. Nilijiona nimeweza kazi. Mzee Chitanda alipoisoma ripoti yangu aliniuliza, "Huyo adui umemwona?"

"Nimeona dalili, Mzee."

"Sikuulizi dalili. Umemwona?"

Nikasema sijamwona. Akanichukua kwa baiskeli yake hadi lile shamba, asubuhi jua halijawa kali, akanisimamisha chini ya mkorosho na kuniambia nisitoke mpaka nimkamate. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe nikamwona kwenye chipukizi: mdudu mwembamba, mwekundu mwekundu, vipapasio vyake virefu kuliko mwili, na mgongoni ana kitu kama kipini kilichosimama. Huyo ndiye wakulima wetu wanayemwita mbu wa mikorosho. Si mbu hata kidogo. Hanywi damu, anafyonza utomvu, na pale alipodunga panabaki kidonda cheusi, chipukizi linakauka. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua. Kumwagia mdudu salfa ni kama kumpa mgonjwa wa meno dawa ya minyoo.

Mzee Chitanda hakunitukana. Aliniambia tu nirudi kwa mkulima yule, nimwombe radhi mbele ya mkewe, kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa akipuliza. Nilienda. Ilinichoma kweli. Lakini tangu siku hiyo nilitembea na chupa ya jamu iliyotobolewa kifuniko, na kila mdudu niliyemwandikia dawa nilimtia humo kwanza nikamwonyesha mwenye shamba. "Huyu ndiye?" "Ndiye." Basi, hapo ndipo nafungua kalamu. Ninyi mna simu zinazopiga picha mpaka miguu ya sisimizi. Vizuri sana. Ila picha bado inataka kuonyeshwa mwenye shamba, naye akisema siye, basi siye.

Nawaambieni haya ili mjue kwamba nilikuwa nimefundishwa. Sina kisingizio.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliazimwa kwenye mradi mmoja wa mikorosho. Umekwishafungwa, magari yake yameuzwa, jina lake silitaji. Mkuu wake tulimwita Mratibu. Alikuwa kijana msomi, mwepesi, anapenda kila jambo liishe kabla ya saa sita mchana. Msimu mmoja, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inachipua, zikaja katoni za dawa kutoka kwa msambazaji fulani. Tulipozifungua tukakuta lebo zote ni za Kifaransa. Yaonekana shehena ilikuwa imekusudiwa nchi nyingine, kwa wenzetu wa Afrika Magharibi ambao nao hulima korosho. Kwetu sisi Newala, Kifaransa ni sawa na kuandikiwa kwa miguu ya kuku.

Ungetegemea wangezirudisha. Aa wapi. Mratibu alichukua simu yake, akaandika neno lililokuwa kubwa kuliko yote kwenye lebo, *punaises*, simu ikamjibu: kunguni. Akampa karani achape karatasi ya maelezo, mistari minne, herufi kubwa, ili mkulima asichoke kusoma. Juu kabisa: DAWA YA KUNGUNI. Chini yake kipimo cha kuchanganya na maji. Kisha: PULIZIA MAHALI WANAPOJIFICHA. Mwisho: WEKA MBALI NA WATOTO. Lebo ile ilikuwa na maandishi ya kujaza ukurasa mzima, yeye akatoa mistari minne.

Mimi nilipoiona karatasi nilimwuliza, "Mratibu, kunguni gani hawa? Wa kitandani au wa mikorosho?"

Akacheka. "Kunguni ni kunguni, Mama. Wakulima wanawajua wadudu wao."

"Lakini wa kwetu hawamwiti kunguni. Wanamwita mbu."

"Mama Fadhili, gari linasubiri."

Hapo ndipo nilipopaswa kukaa chini, nikasema siondoki. Nilikuwa na umri wa kumzaa yule kijana. Sikukaa. Nilibeba karatasi na katoni, nikapanda gari. Chilangala tulifika kwa haraka, dereva anapiga honi kwa sababu siku hiyo tulikuwa na vijiji vingine vya kupitia. Nikamkabidhi mzigo katibu wa kikundi cha wanawake, Mama Hadija.

Mama Hadija ni mjane, ana mikorosho yake mwenyewe, amesoma mpaka darasa la saba na anasoma kuliko wengi waliomaliza vyuo. Daftari la kikundi analiandika kwa mwandiko wa kunyooka kama umepigiwa rula. Aliniuliza, "Mama Fadhili, hii tunaitumiaje?"

Nami nikamjibu, mguu mmoja ukiwa garini, "Maelezo yako kwenye karatasi."

Maneno hayo manne yananiamsha mpaka leo. Ukiyasikia yanatoka kinywani mwako, shuka garini.

Siku ya tatu nilirudi Chilangala kumwonyesha mkulima mmoja namna ya kuondoa matawi yaliyolala chini. Saa saba hivi mchana, nikiwa juu ya ngazi na msumeno, nikamsikia mwanamke anakuja mbio anaita jina langu. Alikuwa jirani wa Mama Hadija. "Mama Fadhili, njoo! Bibi Somoe na mtoto wanatoka mapovu!"

Bibi Somoe ni mama yake Mama Hadija. Wakati ule alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mfinyanzi. Vyungu vyake vilijulikana Newala nzima. Watu walivigonga kwa kucha wakisikiliza mlio kabla ya kununua, kisha wakasema hiki ni cha Somoe. Asubuhi ile Mama Hadija alikuwa ametandua vitanda vyote vya kamba, amepulizia kila fundo, kila tundu la ukuta, kama karatasi ilivyosema: mahali wanapojificha. Akafunga madirisha dawa ifanye kazi. Adhuhuri akatandika, akaenda kuchota maji. Bibi Somoe, ametoka shambani amechoka, akajilaza na mjukuu wake wa miaka minne.

Nilipoingia uani, harufu ilinipiga kabla sijafika mlangoni. Niliijua. Ni ile ya dawa zetu za shamba, inayokaa puani kama kitunguu saumu kilichooza. Bibi alikuwa amelazwa kibarazani, mate yanamchuruzika, jasho linamtoka kama maji, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mtoto alikuwa anatapika, miguu inacheza yenyewe.

Sikilizeni hapa, maana hili ni la kazi. Sumu ya namna ile inaingia hata kwa ngozi. Kwanza mtoe mtu nje, kwenye hewa safi. Mvue nguo zote, usione haya. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele, makwapa, kila mkunjo. Usimnyweshe maziwa. Chukua chupa ya dawa yenyewe uipeleke hospitali pamoja na mgonjwa.

Maji mengi! Rahisi kuandika. Mnaijua Newala ninyi? Mnajua maana ya ndoo ya maji kwetu, juu ya uwanda huu, mvua haijanyesha? Nyumbani kwa Mama Hadija palikuwa na dumu moja lisilojaa, yeye mwenyewe bado hajarudi. Nikapaza sauti, "Maji! Leteni maji!" Kisha nikasimama nimeduwaa, kwa sababu nilijua ninaomba nini.

Walileta. Nyumba moja baada ya nyingine walikuja na walichokuwa nacho, mmoja na sufuria aliyokusudia kupikia, mwingine na maji ya kutawadhia. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka bondeni, aliondoka tangu alfajiri, ndoo haijatoka kichwani. Hakuuliza. Aliitua mbele yangu, akasema, "Mimina." Tukamwosha Bibi Somoe, tukamwosha mtoto, povu likatiririka mpaka kwenye mchanga, na hakuna aliyesema neno juu ya maji.

Mama Hadija alifika tukiwa tunamfunga mama yake kwenye kanga ili apakiwe kwenye pikipiki. Aliangalia, akaangalia tena, kisha akaingia ndani akatoka na karatasi. Alikuwa ameibandika nyuma ya mlango. Akaishika mbele ya uso wangu.

"Mama Fadhili. Nimekosea wapi? Nionyeshe mstari nilioukosea."

Nilisoma mistari yote minne. Hakuwa ameukosea hata mmoja.

Hospitali daktari aliniomba chupa. Kifaransa hakukijua, lakini akatafuta jina la kemikali lililoandikwa kwa herufi ndogo pembeni, na majina hayo hufanana lugha zote. Akajua cha kufanya. Baada ya siku nne mtoto alikuwa anaomba wali. Bibi Somoe alikaa zaidi ya wiki mbili. Aliporudi nyumbani tulidhani yamekwisha, kumbe baadaye mikono ikaanza kumlegea, vidole havina nguvu, vinatetemeka. Alijaribu kufinyanga, udongo ukamshinda. Tangu hapo hakutengeneza chungu kingine mpaka Mungu alipomchukua, miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa mwingine. Nyumba nyingi za huku bado zinapikia vyungu vyake. Kikivunjika kimoja, hakuna wa kukirudishia.

Mnaona sasa kwa nini sicheki?

Wiki Bibi Somoe alipotoka hospitali, Mratibu akaniita ofisini. Ripoti ilikuwa tayari imechapwa, inasubiri sahihi yangu. Nakumbuka kila neno: "Tukio limesababishwa na matumizi yasiyo sahihi ya dawa kutokana na uelewa mdogo wa mkulima."

"Uelewa mdogo wa nani?" nikamwuliza.

"Mama, ni lugha ya ripoti tu. Hawa watu hawasomi."

"Alisoma. Wewe ndiye hukusoma."

Akasema kwa upole ule wa kumnyamazisha mzee, "Mama Fadhili, umebakiza muda kidogo ustaafu. Usijitafutie matatizo. Neno ni kunguni. Kamusi inasema kunguni. Mimi Kifaransa sikukitunga."

Nikasema sitii sahihi mpaka nijue neno lile lina maana gani hasa. Nikabandua lebo moja kwenye chupa tupu, nikaitia kwenye pochi.

Masasi sokoni alikuwako fundi cherehani, Mkongo, tukimwita Mwalimu Kabeya, kwa sababu kwao alikuwa amefundisha Kifaransa sekondari kabla ya kukimbia vita. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi, ameoa Myao, lakini Kiswahili chake kilibaki cha kwao. Chini ya meza ya cherehani alikuwa na kamusi nene isiyo na jalada, imefungwa kwa mpira. Nilimkuta anashona sare za shule. Nikampa lebo bila kumweleza kitu.

Alivaa miwani, akaisoma yote kutoka juu hadi chini, taratibu, midomo inacheza. Kuisoma yote tu, jambo ambalo ofisi nzima ilikuwa imeshindwa kulifanya.

"Mama," akasema, "hii jina haiko ya mududu moja tu. Iko ya kabila muzima."

Akatoa kamusi, akanifafanulia. Hutamkwa punezi, ile u midomo ukiibana kama unataka kupiga mluzi. Zamani sana Wafaransa walikuwa na neno *punais*, na halikuwa jina la mdudu. Lilikuwa sifa ya mtu, mtu anayenuka pua, yule ambaye akikupumulia unatafuta mlango. Nalo lilikuwa limezaliwa na Kilatini cha watu wa kawaida, maneno mawili yaliyogandana, kunuka na pua. Baadaye ndipo wakampa jina hilo mdudu anayetoa uvundo ukimponda, na kwa kuwa wadudu wa ukoo huo ni wengi, wa majani, wa matunda, wa vitanda, wote wakaitwa hivyo. Ukitaka wa kitandani bila utata unaongeza kitanda: *punaise de lit*. Wa mkorosho naye ana mti wake unaotajwa.

"Na hii," akasema, akichomoa ukutani pini yenye kichwa bapa iliyoshikilia kalenda, "hii pia tunaita punaise. Simu yenu ingetaka, ingeandikia wamama dawa ya pini."

Nilicheka, nikashangaa kwamba ninacheka, nikaanza kulia palepale mbele ya sare za watoto. Mwalimu Kabeya alisubiri nimalize. Kisha akaweka kidole kwenye lebo, mstari wa pili, mdogo kuliko wa kwanza. "Hapa imeandikwa *anacardier*. Ni muti ya korosho. Hapa, inasema pulizia machipukizi. Na hapa chini, ndani ya hii kisanduku, unaona? Inasema isitumike ndani ya nyumba mwenye watu wanaishi."

"Imeandikwa hivyo?"

"Kwa rangi nyekundu, mama."

Vijana, niliwahi kufiwa, niliwahi kudhulumiwa kiwanja, lakini hasira niliyoisikia pale sokoni sijawahi kuisikia kabla wala baada. Katazo lilikuwapo. Limechorewa kisanduku chekundu ili hata kipofu alipapase. Msomi mwenye gari na simu alichukua neno moja juu, akaacha yaliyobaki, kisha akamwandika mjane wa Chilangala kuwa ana uelewa mdogo. Nami niliyefundishwa kumtazama mdudu kabla ya dawa nikambebea karatasi yake!

Mwalimu Kabeya aliniandikia tafsiri ya lebo nzima kwa Kiswahili, nyuma ya karatasi ya kukatia vipimo. Alikataa malipo. Alisema mtu akisoma vibaya lugha yake, yeye ndiye anayeona aibu.

Kabla ya kwenda ofisini nilipita Chilangala kwa Bibi Somoe. Nilimkuta kibarazani, mikono ameilaza mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na karatasi nyingine?"

Nikasema nimekuja na maana ya ile ya kwanza. Nikamweleza neno, kunuka na pua, na wadudu wa ukoo ule. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Mimi kusoma sijui. Lakini siku ile nilipoingia chumbani nikamkuta mwanangu anatandika, nilimwambia, hii inanuka dawa ya mikorosho. Akaniambia, mama, hapana, imeandikwa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nikalala. Pua yangu ilijua, nikaiona pua haina shule."

Nilikaa naye mpaka kivuli kikahama.

Sitawachosha kwa yaliyotokea ofisini. Nilimwekea Mratibu tafsiri mezani. Aliisoma akabadilika rangi, akasema tutaishughulikia ndani kwa ndani. Nikamwambia ilianzia kijijini, itaishia kijijini. Ripoti ile ilikwenda bila sahihi yangu, na maneno yake nadhani hayakubadilishwa, maana naona mpaka leo ndiyo yanayotembea kama kichekesho. Karatasi zilikusanywa kimyakimya. Mratibu alihamishwa, wanasema kwa cheo kikubwa zaidi. Mimi nilipelekwa mashamba ya upande wa Chidya kumalizia muda wangu, mbali na ofisi, wakidhani wananiadhibu.

Ila kabla ya uhamisho nilimwomba mwenyekiti wa kijiji cha Chilangala aitishe mkutano. Walijaa. Mratibu alikuja pia, alilazimika, akakaa kwenye kiti cha mbele, simu mkononi. Nilisimama nikasoma lebo yote kwa Kiswahili cha Mwalimu Kabeya, tangu jina la dawa hadi kile kisanduku chekundu. Nikatoa chupa yangu ya jamu yenye mbu wa mikorosho wawili, nikaipitisha mkono kwa mkono. Nikasema ripoti ya mjini imemwandika Mama Hadija kuwa haelewi, kumbe kosa lilikuwa letu, na sehemu moja ya kosa hilo ina jina langu, kwa sababu nilikuwa na shaka nikanyamaza. Nikamgeukia Mama Hadija, nikamwomba radhi mbele za watu.

Nilitegemea atalia, au atasema yameisha. Hakusema yameisha. Alisimama, akaja mbele na daftari la kikundi, akalifungua ukurasa mpya, akaniwekea kalamu.

"Maneno yanapita, Mama Fadhili. Mimi nimeandikwa huko mjini kuwa sielewi. Na wewe niandikie hapa."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti, daftari juu ya kiti kilichokuwa wazi kando ya Mratibu. Niliandika kwamba tarehe ile Mama Hadija alisoma maelezo aliyopewa, akayafuata kama yalivyoandikwa, na kwamba maelezo ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Nikatia sahihi. Alilichukua, akaligeuza, akalinyoosha mbele ya Mratibu.

"Na wewe, baba."

Yule kijana alitazama watu, akamtazama mwenyekiti, akanitazama mimi. Hakuna aliyemsaidia. Akatia sahihi, herufi ndogo, pembeni kabisa.

Mama Hadija akasoma ukurasa wote kwa sauti, polepole, mpaka nyuma kabisa wasikie. Alipofika kwenye majina yetu akayasoma mara mbili. Akafunga daftari, akalitia kwapani, akarudi kukaa kati ya wanawake wenzake.

"Haya," akasema, "sasa tuelezeni huyo mdudu anapuliziwa saa ngapi. Mikorosho inachipua, nayo haitusubiri."